UZI WA MALALAMIKO: Nimeuziwa "seti kamili" ya haipavaiza, imefika Kigoma haiwezi kuwasha haipavaiza yoyote

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za usiku.

Uzi huu ni mrefu. Naomba msome mpaka mwisho, hasa nyie mnaoagiza bodi za kompyuta na kuletewa mikoani. Nimelipa shilingi 540,000 kwa kitu ambacho muuzaji aliandika mwenyewe kuwa ni "seti kamili ya kusanidi haipavaiza". Leo ni siku ya 37. Haijawasha haipavaiza (programu ya kugawa kompyuta moja iendeshe mifumo kadhaa, naieleza chini) hata mara moja, na nitawaonyesha kwamba isingewasha hata angeishika fundi gani. Muuzaji yuko Dar, mimi niko Kigoma, na anajua vizuri kwamba nikipanda basi kumfuata, nauli na siku za kazi nitakazopoteza zitakula hela ile ile ninayomdai.

Mimi ni fundi wa friji na vidhibiti vya sola. Pale mwalo wa Kibirizi kuna kikundi cha akina mama wanaonunua dagaa na migebuka boti zikirudi alfajiri, na wana chumba kidogo cha baridi kinachoendeshwa na sola. Kidhibiti niliwafungia mimi. Ni kompyuta ndogo ya Linux inayosoma joto, inaamuru kompresa, na inatuma ujumbe kwenye simu ya mwenyekiti wao. Mwezi wa pili Linux iliganda saa nane usiku ikihangaika na modemu. Wakati huo kompresa ilikuwa imepumzishwa, basi ikabaki hivyo hivyo mpaka asubuhi. Mwenyekiti alifungua mlango saa kumi na mbili, akanipigia. Hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, njoo uone." Nilikuta makreti tisa ya migebuka, matumbo yameshaanza kulegea, na akina mama wamekaa nje juu ya ndoo zao wananingoja mimi niseme neno.

Niliweka saa ya kulinda, ile inayoizima na kuiwasha bodi upya ikiganda. Inasaidia, lakini kompresa haitaki kukatwa na kurudishiwa umeme hapo hapo. Inahitaji dakika kadhaa presha ishuke, la sivyo unaiua. Ndipo nikaona dawa ni kutenganisha kabisa kazi ya kulinda samaki na kazi ya kutuma meseji.

Kwa ambao hamjakutana nayo, haipavaiza ni programu inayokaa chini kabisa, juu ya prosesa moja kwa moja, kabla hata ya Linux. Inagawa prosesa na memori mafungu, kila fungu linaendesha mfumo wake bila kuona la mwenzake. Fungu moja nilitaka liwe Linux ya meseji na kumbukumbu. Jingine liwe FreeRTOS, mfumo mdogo usio na mbwembwe, kazi yake joto na kompresa tu. Linux ikiganda, ikafa, ikawashwa upya, kompresa haijui. Najua kuna mtu ataniuliza kwa nini nisiweke bodi mbili. Nimeshaweka bodi mbili kwingine. Pale ziwani ni unyevu kutwa, na kitu cha kwanza kufa ni waya na viunganishi kati ya bodi na bodi. Nilitaka boksi moja, bodi moja, waya chache.

Tangazo la seti lilisema: bodi yenye prosesa nne za Cortex-A53 (aina ya prosesa za ARM), adapta ya umeme, kebo ya siriali, memori kadi yenye mfumo tayari, na maelekezo. Nililipa, nikapokea mzigo stendi ya Masanga, nikarudi nyumbani nimefurahi kama mtoto wa sikukuu.

Tuanze na kebo, maana hapa angeweza kuniunguzia bodi siku ya kwanza. Haipavaiza ikiwaka haina picha kwenye skrini. Kila inachosema katika dakika za mwanzo, na kila kosa inalolia, hupita kwenye siriali, nyaya tatu, kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Bila hiyo unafanya kazi gizani. Pini za bodi hii zinavumilia volti 3.3 na si zaidi. Kebo aliyonipa ina jampa, kile kipande cha kuchagulia volti, iliyowekwa kwenye 3.3, na ningemwamini ningeichomeka. Nikachukua mita kwanza, nikagusa pini ya kutuma: 4.9. Nikahamisha jampa, nikairudisha: 4.9 vile vile. Jampa ile inabadilisha pini ya umeme peke yake, pini ya kutuma haiigusi. Nilisuluhisha kwa rezista mbili, kilo-omu 1 na kilo-omu 2, nikapata 3.3 kasoro kidogo. Mimi nina mita na nina rezista. Mwanafunzi aliyechangiwa hela na wazazi wake anunue seti hii atafanyaje? Atachomeka, pini itakufa, kisha ataambiwa ameharibu mwenyewe.

Adapta imeandikwa ampea 3. Bodi ikianza kazi nzito volti zinashuka chini ya 4.6 na inajizima. Nimetumia ya kwangu, sitaki kupoteza maneno hapo.

Sasa "mfumo tayari". Memori kadi ilikuwa na Linux ya kawaida, hakuna haipavaiza ndani. Maelekezo ni kurasa sita zinazosema ujenge Xen, ambayo ndiyo haipavaiza yenyewe, na kila kitu mwenyewe kwa Yocto, zana ya kujengea mfumo wa Linux kutoka kwenye msimbo. Aliyeandika zile kurasa hajawahi kununua bando. Maelekezo ya Yocto yenyewe yanataka uwe na nafasi kubwa sana kwenye diski, na makumi ya vifurushi vya kupakua kabla hujajenga hata kitu kimoja. Ilibidi nimtumie mdogo wangu diski Dar, apakue ofisini kwao usiku, airudishe kwa basi. Siku tisa. Kisha laptopu yangu ya gigabaiti 8 ikajenga saa kumi na nne, umeme ukakatika katikati, nikaanza tena. Kama muuzaji angeweka faili zilizojengwa tayari kwenye ile kadi, kazi hiyo ingekuwa nusu saa. Yeye yuko mjini na intaneti ya waya, angeijenga mara moja akatunakilia wote.

Nikaweka Xen kwenye kadi. Kimya. U-Boot, yaani butiloda, programu inayoanza kwanza na kuwasha mfumo, inasema inaanzisha, halafu hakuna herufi hata moja.

Wiki nzima niliamini kosa ni langu. Niliangalia kila kitu, na nayaandika hapa ili mwingine asiumie. Mtumiaji wa laptopu lazima awe kwenye kundi la dialout, la sivyo ttyUSB0, jina la kebo kwenye Linux, haifunguki. Minicom, programu ya kusomea siriali, huja na udhibiti wa mtiririko wa maunzi umewashwa. Usipouzima utasoma lakini ukiandika hakuna kinachoenda. Linux ya dom0, lile fungu la kwanza linalosimamia mengine, lazima iambiwe console=hvc0, kwa sababu siriali yenyewe imeshachukuliwa na Xen; ukiiachia jina la zamani la siriali haitoi sauti. Yote nimeyafanya. Kimya.

Mwishowe nikajenga Xen upya nikiwa nimewasha uchapaji wa mapema, ule unaoiwezesha kusema kabla haijapanga chochote, ukiielekeza kwenye siriali ya bodi husika. Saa sita na robo usiku ikasema. Mistari miwili: kwamba lazima iingiwe katika EL2, na kwamba nibadilishe butiloda.

Nilikaa pale naitazama. Prosesa za ARM za biti 64 zina ngazi nne za mamlaka. Programu za kawaida EL0, kaneli (kiini) ya Linux EL1, haipavaiza EL2, fimwea ya usalama, programu ya kiwandani ndani ya bodi, EL3. Bodi ikiwashwa inaanzia juu, kila hatua inakabidhi inayofuata na kushuka. Ukishashushwa hadi EL1, haupandi mwenyewe kurudi EL2. Nikawasha Linux ile ile ya muuzaji, nikafungua dmesg, kumbukumbu ya kaneli tangu inapowaka, na kaneli imeandika waziwazi: prosesa zote zimeanzia EL1. Imeandika hivyo tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo fimwea ya bodi hii inashusha kila kitu mpaka EL1 kabla ya kukukabidhi, na imesainiwa kiwandani, ukiweka nyingine bodi inaikataa. Mlango wa haipavaiza umefungwa na ufunguo hauuzwi.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu, na picha. Jibu lake: "Cortex-A53 ina uwezo huo, soma vizuri." Nikasoma vizuri, mkuu, na nakujibu hapa mbele ya watu. Bodi ya Raspberry Pi 3 ina Cortex-A53 hizo hizo, na Xen haikupata makao humo kwa sababu kidhibiti chake cha mikatizo, kile kinachofikisha miito ya vifaa kwa prosesa, si GIC, kidhibiti cha ARM ambacho Xen inakitaka. Raspberry Pi 4 ina GIC-400, na mwaka 2020 Xen ikatangazwa kuwa inafanya kazi humo. Jina la prosesa halitoshi. Kuna kidhibiti cha mikatizo, kuna fimwea, kuna ngazi unayokabidhiwa. Anayeuza seti ya haipavaiza anapaswa kuyajua haya kabla ya kupokea hata shilingi mia.

Nikaomba fimwea isiyofungwa. Akasema ni siri ya kiwanda. Sawa, ya EL3 labda ni yao. Nikaomba basi msimbo wa U-Boot na wa kaneli alioweka kwenye kadi, maana zote mbili ziko chini ya leseni ya programu huria ya GPL toleo la 2, na anayegawa zikiwa zimejengwa ana wajibu wa kutoa msimbo wake kwa aliyempa. Si hisani ninayoomba. Akaandika, "Wateja wa Dar hawana shida hizi, labda ni mazingira ya huko kwenu." Tangu hapo ni tiki mbili za bluu.

Mazingira ya huko kwetu. Dmesg ya bodi haijui kama iko Mwanga ya Kigoma au Mikocheni ya Dar. EL1 ni EL1. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nifungue uzi, kuliko hata hela. Tumezoea kuambiwa hivyo watu wa Kigoma, kwamba kitu kikiharibika ni vumbi letu, ni umeme wetu, ni ushamba wetu, na wengi wananyamaza kwa sababu hawana namna ya kuthibitisha. Mimi ninayo. Nina picha za mita, nina logi nzima ya siriali, nina mazungumzo yetu yote.

Ninachodai ni 540,000 yangu pamoja na gharama ya kurudisha mzigo, au fimwea inayokabidhi EL2. Na nyie mnaotaka kununua bodi kwa kazi hii, kwa yeyote yule, msilipe kabla hajawasha bodi yenyewe, siyo inayofanana nayo, na kukutumia picha ya ule mstari wa dmesg unaosema prosesa zimeanzia ngazi gani. Ni kazi ya dakika mbili. Akikwepa, mmeshapata jibu. Na mwulize pini ya kutuma ya kebo ina volti ngapi kwa mita, si kwa maandishi ya jampa.

NYONGEZA, Jumapili usiku:

Asanteni mlioandika. Mwalimu mmoja wa hapa mjini alisoma uzi akaniazima Raspberry Pi 4 yake. Nimejenga Xen upya kwa ajili yake, nikatumia laptopu ile ile, kebo ile ile na rezista zangu. Kaneli ikasema EL2. Saa tano na dakika arobaini Xen imewaka, dom0 ikafuata, nikabonyeza Ctrl-a mara tatu nikahama kutoka dom0 kwenda Xen na kurudi. Mwalimu alikuwa amekaa pembeni yangu na chai yake, akasema, "Kumbe hukukosea." Wiki tano nilihitaji kusikia hivyo.

Aliyeuliza kuhusu ulinzi wa DMA, yaani kifaa kugusa memori bila kupitia prosesa: ni kweli, Pi 4 haina SMMU, kile kinachozuia kifaa kugusa memori isiyo yake, kwa hiyo fungu ukilipa kifaa chenye DMA ukuta haujakamilika. FreeRTOS yangu itapewa pini za kuwasha kompresa na kusoma joto tu, hazina DMA. Kwa samaki inatosha. Lakini bodi ni ya mwalimu na Jumatano anaihitaji darasani.

Muuzaji amenipigia leo kwa namba nyingine. Anataka nifute uzi kwanza ndipo "tuzungumze nusu". Nimemwambia hela yote irudi kwanza, na uzi utabaki, nitaongeza mstari mmoja kusema amelipa na tarehe aliyolipa. Akakata simu.

Kibirizi bado kidhibiti ni kile cha zamani. Kijana wa kikundi analala mlangoni mwa chumba cha baridi na kipimajoto, anaamka kila saa moja kusoma. Analipwa kutoka kwenye mfuko wa akina mama wale wale.