Naomba ushauri: Windows 11 kwenye desktop ya zamani

Habari za humu wakuu. Nina steshenari hapa Masasi, mashine ni Dell OptiPlex 7010, i5 kizazi cha tatu, RAM GB 8, SSD ipo. Windows 10 ilifika mwisho wake Oktoba 2025, na 11 inagoma: inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ya kompyuta) na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane. Fundi anasema flashi ya kuinstolia Windows ikitengenezwa kwa programu ya Rufus inaruka ukaguzi huo. Sawa, ila yale masasisho makubwa ya kila mwaka yatakuja yenyewe, au kila mara nirudi kwenye flashi? Na bando lenyewe la kuungaunga! Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, naiona nyepesi, hofu yangu printa ya Epson kugoma, na mafaili ya Word ya wateja kuvurugika majedwali. Aliyewahi kujaribu anielekeze kabla msimu wa korosho haujaanza.