Mauaji ya Salem, 1692: lawama ni ya wasichana, ya kanisa, au ya majaji?

MLETA MADA

Wakuu, kila habari ya Salem inapozungumzwa, lawama huwaangukia wale wasichana. Eti watoto wakorofi walijifanya wamerogwa, kijiji kikapandwa na wazimu, watu 19 wakanyongwa, basi. Mimi nasema lawama hiyo imewekwa pasipo pake. Walioua ni majaji, na naomba tulijadili hili kwa hoja.

Kwa ambao hawajaifuatilia habari yenyewe: tuko koloni la Massachusetts (leo ni jimbo la Marekani), kwa Wapuritani wa Kiingereza, yaani Waprotestanti wenye msimamo mkali wa dini, Januari 1692. Nyumbani kwa Mchungaji Samuel Parris, katika Kijiji cha Salem (leo ni mji wa Danvers), binti yake Betty wa miaka 9 na jamaa yao Abigail Williams wa miaka 11 walianza kujipinda viungo na kupiga mayowe. Daktari akasema si ugonjwa, ni mkono mwovu. Mwisho wa Februari zikatoka hati za kuwakamata wanawake watatu: Tituba, mtumwa wa nyumba ile, Sarah Good, fukara aliyezunguka kuombaomba, na Sarah Osborne, mgonjwa aliyekuwa haonekani kanisani. Tituba akakiri, akasema wachawi wengine wapo. Kufikia mwisho wa Septemba wanawake 14 na wanaume 5 walikuwa wamenyongwa. Mzee Giles Corey, aliyepita miaka 80, alilazwa chini na kurundikiwa mawe hadi akafa kwa sababu alikataa kujibu shtaka. Wengine wasiopungua 5 walifia gerezani, mmoja wao kitoto kichanga cha Sarah Good. Na tuwekane sawa: hakuna aliyechomwa moto Salem.

Sasa sikilizeni hakimu John Hathorne anavyomhoji Sarah Good siku ya kwanza kabisa, Machi 1. Anaanza kwa kumuuliza ana urafiki na pepo gani mchafu. Mama anasema hana. Umefanya mkataba na Ibilisi? Hapana. Basi kwa nini unawaumiza watoto hawa? Mahojiano hayajafika hata nusu, hakimu keshahukumu. Baadaye mtuhumiwa mwingine, Bridget Bishop, alipomwambia kwamba yeye hajui hata mchawi ni kitu gani, Hathorne alimjibu: sasa unajuaje kwamba wewe si mchawi?

Mtu anatokaje hapo akiwa salama?

Na kuna jambo lililoua kuliko yote, nalo ni ushahidi wa mizuka. Msichana akisema mahakamani "namwona Martha Corey amekaa kwenye boriti pale juu, ananikaba", na wengine wote ukumbini hawaoni kitu, mahakama ilipokea. Uwe ulikuwa kitandani kwako na mumeo ni shahidi, haikusaidii, kwa kuwa aliyekuja kukaba ni mzuka wako. Ushahidi wa namna hiyo hauna jibu. Nani aliupa nguvu ya kunyonga? Si mtoto wa miaka 11. Karibuni.

MWALIMU WA HISTORIA

Dada mleta mada, umeanza vizuri lakini umewapitisha watu wazima wa kijiji bila kuwagusa. Nani alikwenda kwa mahakimu kuandikisha mashtaka? Jina linalojirudia kwenye hati ni la Thomas Putnam. Mkewe na binti yake Ann, wa miaka 12, walikuwa miongoni mwa waliojitangaza kuteswa. Oktoba 1691, miezi michache tu kabla, kamati mpya ya kijiji ilikataa kukusanya kodi ya kumlipa Mchungaji Parris, na kina Putnam walikuwa watetezi wake. Halafu Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71 aliyeheshimika, ukoo wake ulikuwa na ugomvi wa mipaka na ukoo wa Putnam. Akatajwa yeye, wakatajwa pia wadogo zake, Mary Easty na Sarah Cloyce. Sikubali kwamba ni bahati mbaya.

Ongeza vita. Huko Maine, kaskazini, Waabenaki (wenyeji wa asili) na Wafaransa walikuwa wanachoma makazi ya Waingereza, na wakimbizi wakamiminika upande wa Salem. Mercy Lewis, mmoja wa walalamikaji wakubwa, alikuwa yatima wa vita hiyo akifanya kazi kwa Putnam. Hofu ilikuwapo, chuki ilikuwapo. Majaji walivuna tu.

MLETA MADA

Mwalimu, chuki naikubali yote. Lakini ugomvi wa mipaka na mshahara wa mchungaji vilikuwepo vijiji vingi vya New England (makoloni ya Waingereza ya eneo lile), na watu walikuwa wakiitana wachawi miaka nenda rudi. Nakuomba utazame jirani. Mwaka huohuo wa 1692, Stamford, koloni la Connecticut, mtumishi wa kike aitwaye Katherine Branch alipatwa na mambo yaleyale, akataja wanawake kadhaa. Wapuritani wale wale, Biblia ileile. Elizabeth Clawson na Mercy Disborough wakapelekwa mahakamani Fairfield. Juri, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, ikasita, wachungaji wakaulizwa, wakasema wana shaka na ule ushahidi. Clawson akaachiwa. Disborough akatiwa hatiani lakini kunyongwa kukasimamishwa, akasalimika. Hawakunyonga hata mmoja.

Si kwamba walikuwa watu wema kuliko Massachusetts. Kati ya 1647 na 1663 Connecticut ilikuwa imenyonga watu 11. Ila baada ya hapo walianza kudai mashahidi wawili wa tendo moja. Kanuni moja ya ushahidi, na watu wakapona.

MCHANGIAJI

Mimi nilisoma kwamba walikula mkate wa nafaka ya rai yenye kuvu, ile inayoleta maruweruwe. Si hilo tu lingemaliza mjadala?

MLETA MADA

Dhana hiyo ilitoka 1976 na ikapingwa na watafiti wengine mwaka huohuo. Familia nzima hula mkate mmoja. Kwa nini waugue wasichana tu, tena watulie na kuanguka kulingana na nani kaingia mahakamani? Na hata ingekuwa kweli, kuvu haitii sahihi hati ya kunyonga.

MWINJILISTI

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naona mada inaelekea kulisafisha kanisa, nami ningefurahi kunyamaza, lakini ukweli ni ukweli. Aprili 3 Mchungaji Parris alisimama madhabahuni akachukua Yohana 6:70, "mmoja wenu ni Ibilisi". Sarah Cloyce, ambaye dada yake Rebecca alikuwa ameshafungwa, akainuka akatoka. Naye akashtakiwa. Mtumishi wa Mungu anayehubiri hivyo huku waumini wake wako gerezani, damu hainawi mikononi mwake.

Ila semeni na upande wa pili. Juni 15 wachungaji wa Boston waliandika waraka wakionya kwamba Ibilisi anaweza kujigeuza sura ya mtu asiye na hatia, kwa hiyo mzuka hautoshi kumhukumu mtu. Na Oktoba Mchungaji Increase Mather akaandika kwamba ni heri washukiwa 10 wa uchawi waponyoke kuliko mtu mmoja asiye na hatia ahukumiwe. Gavana William Phips alivunja mahakama ile mwezi huohuo. Kwa hiyo kanisa liliwasha, na kanisa likasaidia kuzima.

MLETA MADA

Mtumishi, ahsante kwa kusema bila kuficha. Naongeza moja tu: waraka ule wa Juni, ulioandikwa kwa mkono wa Cotton Mather, mwana wa Increase, ulimaliza kwa kuishauri serikali iwashtaki wachawi haraka na kwa nguvu. Majaji walichukua aya ya mwisho, wakaziacha za juu. Agosti 19 George Burroughs, mchungaji mwenzao, akiwa kwenye ngazi ya kunyongewa alisali Baba Yetu yote bila kukosea, jambo waliloamini mchawi hawezi. Watu wakaanza kulia, wengine wakataka azuiwe kunyongwa. Cotton Mather akiwa juu ya farasi akawaambia Ibilisi hujigeuza malaika wa nuru. Kunyonga kukaendelea. Kwa hilo simsamehi.

MCHANGIAJI KUTOKA SHINYANGA

Mimi mnaniacha nyuma kidogo. Huku kwetu vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Hakuna jaji wala hati. Lisemwalo lipo, watu wanasema, na usiku mtu anakufa. Sasa ukiwatoa majaji wa Salem, unadhani watu wangeishi?

MLETA MADA

Ndugu yangu, hilo ni swali zito na limenigusa. Salem 1692 hakuna mtuhumiwa aliyevamiwa na kundi usiku. Kila aliyekufa alikufa mikononi mwa serikali, kwa hati, kiapo na muhuri, na sherifu ndiye aliyesimamia. Tena jela zilijaa tangu Machi bila yeyote kunyongwa, kwa kuwa koloni lilikuwa limenyang'anywa hati yake ya utawala na hakukuwa na mamlaka ya kuendesha kesi za kifo. Umati ulikuwa na wiki nyingi za kuua, haukuua. Phips alifika Mei na hati mpya, akaunda mahakama maalumu chini ya William Stoughton, na Juni 10 Bridget Bishop akanyongwa. Kwenu huko serikali ilitakiwa kuwa kinga na haikufika. Kule, serikali ndiyo iliyokuja kuua.

MWANASHERIA

Dada yangu, kwa heshima zote, unawahukumu majaji wa 1692 kwa macho ya leo. Uchawi ulikuwa kosa la kifo kwa sheria ya Uingereza ya 1604 na kwa sheria ya koloni ya 1641. Jaji hatungi sheria. Watuhumiwa hawakuwa na mawakili kwa sababu huo ndio ulikuwa utaratibu wa kesi za jinai. Na aliyetamka hatia si Stoughton, ni juri. Kama kosa lipo, ni la zama zao.

MLETA MADA

Kaka mwanasheria, hapa ndipo nilipotaka tufike. Umesema juri. Juri ya Rebecca Nurse ilimkuta HANA hatia. Wasichana wakapiga kelele, na Stoughton akawarudisha wajumbe, akiwauliza kama wamezingatia maneno fulani ambayo bibi yule alikuwa ameyasema kuhusu mfungwa mwenzake. Wakamwuliza alimaanisha nini. Alikuwa na shida ya masikio, ukumbi una kelele, hakujibu. Kimya chake kikageuzwa hatia, na Julai 19 akanyongwa, ingawa majirani 39 walikuwa wametia sahihi kumtetea. Zama ndizo zilizoirudisha juri, au ni mtu aliyeketi kitini?

Umesema zama. Nathaniel Saltonstall alikuwa wa zama zilezile, jaji wa mahakama ileile; baada ya kesi ya kwanza akajitoa. Wachungaji walionya Juni. John Proctor aliandika kutoka gerezani Julai kwamba vijana walifungwa shingo kwa visigino, mwanawe akavuja damu puani, ili wakiri. Akaomba majaji wabadilishwe. Mary Easty hakuomba uhai wake. Aliomba damu isiyo na hatia isimwagwe tena. Wote hawa waliona. Na watu wapatao 50 walikiri, kwa sababu kila mtu alishajua kwamba aliyekiri na kushikilia hanyongwi. Samuel Wardwell alikiri, akafuta maneno yake, akanyongwa. Mahakama inayoachia waongo na kuua wakweli hailindwi na kalenda.

Tena tunacho kipimo. Januari 1693 mahakama mpya ilikaa, Stoughton huyohuyo akiwa jaji mkuu. Sheria ya uchawi ipo, wasichana wapo. Kilichoondolewa ni mizuka. Kati ya kesi zaidi ya 50, walipatikana na hatia watatu tu, na Phips akazuia wasinyongwe.

Samuel Sewall, mmoja wa majaji, alisimama kanisani Januari 1697 huku ungamo lake likisomwa, akubali aibu mbele ya watu. Wajumbe 12 wa juri wakaomba radhi. Ann Putnam, yule mtoto tunayemlaani, alisimama mbele ya kanisa la kijiji 1706 akakiri kwamba alitumika kama chombo cha kuwaletea wasio na hatia mauti. Stoughton hakuomba radhi mpaka anakufa 1701, akiwa anakaimu ugavana.

Mwaka 1711 koloni lilifuta hukumu nyingi na kulipa familia zaidi ya pauni 570. Lakini Elizabeth Johnson, mmoja wa wale watatu wa 1693, aliachwa nje. Aliomba mwenyewe, hakujibiwa. Jina lake lilisafishwa 2022, baada ya wanafunzi wa shule ya North Andover kuisukuma serikali ya jimbo. Kaka mwanasheria, hukumu ya kesi ile ilikaa kwenye vitabu vya serikali miaka 329. Nijibu: aliyetakiwa kuifuta siku ya kwanza alikuwa nani?