Yule bwana wa chini ya mkungu kanilia shokishoki zangu, kanitemea kokwa, kisha kasema HAZIJAIVA!!

Pakacha_Tupu (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum wadau. Leo sina salamu ndefu. Naandika huku vidole vinatetema, mkiona herufi zimerukaruka mnisamehe.

Yule bwana. Mnamjua. Jina silitaji, sitaki kesho niitwe kwa sheha. Yule mkaguzi wa matunda, wa meza chini ya mti wa mkungu, miwani ya jua hata mvua ikinyesha, kalamu zimejaa mfukoni na hakuna hata moja inayoandika, kila siku anaazima ya dereva. Aliyewahi kupita pale na tunda lolote kuelekea mjini anamjua. Hata kuku wa mtaa ule wanamjua, wakimuona wanakimbia na mahindi yao mdomoni.

Basi asubuhi natoka shamba na keri, kile kigari cha mizigo, nyuma mapakacha ya shokishoki. Zimechumwa jana alaasiri, nyekundu, manywele yamesimama. Anayejua shokishoki anajua, ikilala siku mbili manywele yanasinyaa yanapiga weusi na mteja haigusi tena. Kwa hiyo nna haraka, mchuuzi ananisubiri sokoni Mwanakwerekwe, hapa Unguja, na kila dakika ananipigia.

Kanisimamisha. Barua ya sheha? Nkampa. Risiti ya ushuru? Nkampa. Kaigeuza risiti juu chini, kaisoma nyuma pasipo na maandishi. Ati "kuna amri ya kuzuia matunda machanga, lazima nihakikishe." Sawa, hakikisha. Na mie sipendi matunda machanga sokoni, yanatuharibia jina sote.

Katia mkono pakachani. Sio juu. CHINI KABISA, mpaka kwapani, kama anatafuta pete iliyozama. Katoa moja kubwa. Kaibambua. Kaitia mdomoni. KAFUMBA MACHO.

Jamani. Mtu anaonja kitu kichanga anafumba macho kwa raha?

Kachukua ya pili. Ya tatu. Kanyamaza kimya, anatafuna, anaangalia juu mkunguni, maji ya shokishoki yanamchirizika kidevuni. Dereva wangu kaniuliza kwa sauti ndogo, "huyu kafunga?" Alipomaliza, akatema kokwa NDANI YA PAKACHA LANGU, akafuta mkono kwenye turubali LANGU, akasema kwa utulivu wa mtu aliyeshiba:

"Hazijaiva hizi. Changa. Rudi nazo."

Kokwa. Ndani ya pakacha. Halafu hazijaiva.

Kama ya kwanza haikuiva, ya pili ilikuwa ya nini? Nkamuuliza hivyo hivyo. Kanijibu "nilikuwa nalinganisha". Analinganisha nini na nini, ulimi na tumbo? Kisha kachota tena, kajaza mfuko wa koti mpaka koti likaenda upande, ati sampuli. Zinakwenda kupimwa. Maabara gani hiyo iliyo sebuleni kwake, na wanaopima bado wana meno ya maziwa?

Hana haya hana vibaya. Mtu kala robo ya mti wangu, katema kokwa pakachani, kasema hazijaiva. Nimerudi nyumbani na mzigo, mchuuzi kanifungia simu. Mnasemaje?

---

Mtu_wa_Mwera

"Kafumba macho" 😂😂😂 nipo ndani ya daladala nacheka peke yangu, kondakta kanihamisha kiti.

Kijana_Ngambo

Bila picha ya kokwa uzi haujakamilika.

Pakacha_Tupu

Kokwa ninayo!! Ipo mfukoni mwa shati, nimeifunga kwenye karatasi ya ile risiti. Siitupi hata kwa dawa. Saba alikula, saba!

Kijana_Ngambo

Mwanzo tatu, kisha robo ya mti, sasa saba. Mpaka magharibi tutasikia kala na keri.

Ummu_Sabaa

Afadhali weye kakulia tu. Kwangu alikuja na mizani. Mie nauza kwa fungu, mama kauza kwa fungu, bibi kauza kwa fungu, na wateja wetu wanajua fungu la Bi fulani lina ngapi bila kuuliza. Kaja ati skuizi ni kilo. Haya, nkamwambia nipimie mkungu wa ndizi ya mkono wa tembo, nione utaukalisha vipi juu ya kisahani hicho. Kahangaika nao, ukaanguka, ukamponda mguu. Kaandika kwamba nimezuia zoezi la serikali.

Mtu_wa_Mwera

Umezuia zoezi kwa mkungu wa ndizi 😂

Mjuzi_Mstaafu

Wadau, tuache mihemko kidogo. Mimi nimefanya kazi za kilimo miaka mingi, naomba nieleze. Embe ukiichuma imekomaa lakini bado mbichi, utaivundika na itaiva. Ndizi hivyo hivyo, papai hivyo hivyo. Shokishoki halivundikwi. Likishachumwa limeshachumwa, kama lilikuwa kali mtini litabaki kali mpaka lioze. Ndiyo maana kuzuia kuchuma mapema kuna maana zaidi kwa shokishoki kuliko kwa embe. Na wanaochuma mapema aghalabu si wenye mashamba. Ni wachuuzi waliokodi mti ungali na maua, wanaogopa wezi, basi wanakung'uta kila kilichomo. Aliyenunua fungu kali leo, kesho hanunui kwa mtu yeyote, hata kwa yule aliyengoja. Aidha yupo nzi wa matunda, yule aliyetoka Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2003 kisha akaenea ukanda wote huu wa Afrika Mashariki. Anataga mayai chini ya ganda la embe, unakata unakuta mabuu. Nchi nyingi haziruhusu embe ziingie kwao mpaka zithibitishwe hazina nzi huyo. Kwa hiyo ukaguzi lazima uwepo.

Kijana_Ngambo

Mzee wangu, sisi tunaulizia kokwa, weye umetupeleka Kenya 2003.

Pakacha_Tupu

Mzee wangu Mjuzi, shikamoo. Nakubali yote. Sasa nambie, katika hayo masomo yenu, kukagua utamu kunahitaji mfuko wa koti? Na kokwa inatemwa wapi kitaalamu?

Mjuzi_Mstaafu

Marahaba. Kitaalamu sampuli inatiwa kwenye mfuko maalumu, inaandikwa tarehe na shamba ilikotoka. Koti halimo.

Manjano_Tu

Mie kwangu ndo kichekesho. Nna mti wa shokishoki za manjano. Zikiiva ni za manjano, hivyo ndivyo zilivyoumbwa, hata uzingoje mpaka kiama hazigeuki nyekundu. Bwana huyo huyo wa mkungu kanambia rudi nazo, nisubiri ziwe nyekundu. Nkamwambia onja. Kasema hahitaji kuonja, macho yanamtosha. Kumbe kuonja anajua, ila kwako tu. Pole yako na hongera yangu.

Mpemba_wa_Wete

Nawasoma tu kutoka kuno Pemba, nacheka. Mnalilia shokishoki! Njooni huku msimu wa karafuu muone kulia kulivyo.

Unapanda mkarafuu, tawi linalia kha, roho inakuruka. Wachumaji unawalipa. Usiku nyumba nzima mmekaa mnachambua, karafuu huku, makonyo (vijiti vyake) kule, watoto wanasinzia na vidole vimekuwa vyeusi. Asubuhi unaanika kwenye majamvi. Wingu likitanda mbio kuanua, jua likitoka mbio kuanika, tena wingu, tena jua, siku nzima uko mbio hata chai hunywi. Ukimaliza yote hayo unabeba magunia mpaka kituo cha kuuzia. Pale yupo mtu. Anachukua karafuu moja, anaiweka baina ya kucha, anaivunja karibu na sikio. Ikilia ta, imekauka. Isipolia: "Mbichi hizi, rudisha ukaanike." Na mtu mwenyewe sikio moja bovu, kijiji kizima tunajua, na sikio analotumia ni lile bovu!

Sasa weye wa shokishoki ukikataliwa na bwana wa mkungu, utapita njia ya nyuma uziuze barazani. Mie niende wapi? Karafuu kwa sheria mnunuzi ni mmoja tu, serikali kupitia shirika lake. Ukionekana nazo ufukweni usiku huitwi tena mkulima, unaitwa magendo.

Kijana_Ngambo

Lakini mlipandishiwa bei 2011 mkaezeka bati nyumba zote. Hata banda la mbuzi lina bati.

Mpemba_wa_Wete

Bati umeliona, mgongo wa aliyedondoka mkarafuuni hukuuona. Weye umewahi kupanda hata mpera?

Kijana_Ngambo

Mpera nilipanda, nikashushwa na mwenyewe kwa fimbo.

Ndijani_Original

Mie suali langu ni moja na hakuna anayejibu. Machungwa ya Muheza, kule Tanga, yakishuka bandarini, nani anayaonja? Yanapangwa kwenye magari, moja kwa moja sokoni, kisha mahotelini. Mie chungwa langu limekua hapa hapa kisiwani, likitoka shamba linasimamishwa, linabinywa, linanuswa, linaulizwa baba yake nani. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Ummu_Sabaa

Sema Ndijani sema!

Tanga_Raha

Msitutie kwenye ugomvi wenu. Chungwa la Muheza linaliwa Dar, linaliwa Nairobi, na hapo kwenu mnalinunua wenyewe kwa sababu ni tamu na lipo. Lenu la Ndijani likiisha msimu mnakunywa soda.

Ndijani_Original

TAMU?? Lile lenye ganda nene, ukilimenya mpaka ufikie tunda umeshasahau kiu yako?

Tanga_Raha

Ganda nene ndiyo safari. Lako likipanda gari hata la ng'ombe linapasuka.

Pakacha_Tupu

Jamani, ndugu zangu. Kokwa. Pakachani. Turudi kwenye mada.

Mtu_wa_Mwera

Mada ipo mfukoni mwa shati lako, ilinde. Haya Tanga na Ndijani endeleeni.

Abu_Doriani

Bora machungwa yanaruhusiwa. Mie nilipanda boti natoka Pemba na doriani, nimezifunga magazeti, juu gunia, juu yake kanga mbili za mke wangu. Hatujatoka bandarini, abiria wameanza kuangaliana. Mwanamke mmoja kamkagua mtoto wake nepi. Baharia kanifata moja kwa moja, hata kuuliza hakuuliza, kaninyooshea kidole. Nikashushwa mie na doriani zangu, na nauli sikurudishiwa.

Ummu_Sabaa

Ulistahili.

Mjuzi_Mstaafu

Kwa hili na mimi naungana na baharia.

Manjano_Tu

Doriani ni tunda la heshima. Wanaolikimbia hawajaonja, wanahukumu kwa pua. Kuna watu wanasafiri mpaka shamba kulila pale pale chini ya mti.

Mpemba_wa_Wete

Wanalila kule kule kwa sababu wakilileta nyumbani wanalala nje.

Ummu_Sabaa

Na kanga za mke wako zikawaje?

Abu_Doriani

Kazichoma moto. Suali jengine?

Ndijani_Original

Mie bado namsubiri Tanga_Raha anambie chungwa lake alilipima lini na nani.

Tanga_Raha

Nimekwenda kuswali, usinikimbie, narudi na picha. Na nitaleta ya boribo pia, mana nyie na embe zenu za Muyuni mnajidai kupita kiasi.

Muyuni_Kwetu

Nani kaitaja Muyuni?? Embe ya Muyuni inakuja wakati nyie boribo zenu na dodo zenu zimeshakwisha mnalamba vikaka. Iacheni kabisa.

Kijana_Ngambo

Naweka mkeka hapa. Nani ana kahawa?

Pakacha_Tupu

Kwani mods wako wapi? Uzi wangu umekuwa marikiti.

Manjano_Tu

@Abu_Doriani zile doriani hatimaye uliziuza wapi? Au bado unazo?

Abu_Doriani

Zile zilikwisha, ila mti umezaa tena. Wangapi mnataka?

Manjano_Tu

Niwekee mbili. Lakini zije kwa jahazi, zikae kule mbele kwenye omo, mbali na watu.

Abu_Doriani

Nauli ya jahazi juu yako.