Mafundi wa Tabora mnaokaza nati ya turbo kwa kukisia, injini yangu mmeiua

Wakuu habari za muda huu. Mamodi naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa bei za spea, hii ni kesi nyingine kabisa.

Nina Subaru Forester turbo, bodi la kwanza, manyuali. Ilianza kukosa nguvu barabara ya Nzega: unakanyaga, turbo inapiga mluzi mkubwa kuliko kawaida, gari haliendi. Nikaipeleka gereji moja hapa mjini, jina nalihifadhi kwa sasa. Fundi hakushika hata mpira mmoja wa hewa. Kafungua boneti, kasikiliza, kaniambia, "Bosi, Tabora tuko juu, hewa nyepesi, hizi turbo za Japani huku zinachoka. Ngoja nikuongezee presha kidogo." Kachukua spana, kalegeza nati ya ule mkono wa westigeti, kaufupisha, kakaza. Geji ya kupimia presha hana. Kauvuta mkono kwa kidole, kasema "hapo poa".

Hapo poa kwa kipimo gani?

Kwa wasiojua: turbo inazungushwa na moshi wa ekzosi ili isukumie injini hewa zaidi, na msukumo huo ndiyo presha tunayoisema. Westigeti ni kijilango kinachofunguka presha ikifika kiwango chake, ili moshi mwingine upite pembeni. Kinafunguliwa na upepo wa turbo yenyewe, unaosukuma diaframu iliyoshindana na springi ndani ya kile kikopo. Ukifupisha mkono, kijilango kinabanwa zaidi, kinachelewa kufunguka, presha inapanda. Inapanda kiasi gani? Hakuna anayejua mpaka achomeke geji kwenye manifodi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini), akaendeshe gari, asome, arudi kugusa nati nusu raundi, aende tena. Kazi ya kuchosha, najua. Ndiyo inayolipiwa.

Na hiyo hoja ya hewa nyepesi ndiyo inanitia hasira zaidi, maana ina ukweli nusu. Tabora iko mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar. Sasa turbo ikitakiwa kutoa presha ileile kwa hewa nyepesi, lazima izunguke kasi zaidi, na hewa inatoka ya moto zaidi. Hiyo ni sababu ya kuiogopa ile nati, siyo ya kuikaza!

Ugonjwa wenyewe mnajua ulikuwa nini? Klipu. Klipu ya mpira unaotoka intakula (kile kipoza hewa ya turbo) kwenda kwenye injini ilikuwa imelegea, upepo unavuja. Fundi huyohuyo aliikuta baadaye, akaikaza, akanidai hela nyingine, na ile nati akaiacha palepale alipoifikisha. Kwa hiyo uvujaji umeisha, westigeti imebanwa. Gari likaanza kupaa. Halafu naovateki lori la magogo, gari langu linakata ghafla, nguvu zero, kisha linarudi. Kompyuta ilikuwa inakata mafuta kwa sababu presha imevuka kikomo. Ile ni kinga, injini inaomba msaada.

Yeye akaiona kinga ndiyo ugonjwa. Akachomeka kiungio chenye kitundu kwenye kimpira cha sensa ya presha ili upepo uvujie pale, sensa isome kidogo. Yaani kaipofusha kompyuta kwa kiplastiki. Na kweli gari halikukata tena.

Likaanza kugonga. Ukikanyaga kwenye kilima unasikia kokoto zinatikiswa ndani ya kopo. Gari hili wenyewe Japani walilitengeneza linywe petroli ya oktani ya juu (isiyojilipukia kirahisi), ambayo kwa kiwango chao huanzia 96. Ukizidisha presha na joto, mchanganyiko unajilipukia wenyewe wakati plagi ilitakiwa iuchome kwa utaratibu. Kinachopigwa ni pistoni. Nikamuuliza, akasema "ndio mlio wa Subaru huo".

Sasa linatoa moshi wa bluu. Fundi mwingine kapima kompresheni: silinda tatu nzima, ya nne iko hoi. Tumefungua, pistoni imemeguka ile kingo iliyo kati ya ringi na ringi, kipande kimechora ukuta wa silinda. Nilimpelekea yule bwana pistoni mkononi. Kaigeuzageuza, kaninong'oneza eti kwa ushauri: "Turbo ndivyo zilivyo bosi, uza ununue IST."

Hela ya ufundi hataki kurudisha. Anasema kazi aliyoombwa ni kuongeza nguvu, na nguvu iliongezeka. Mimi niliomba atafute ilikopotelea!

Mwenye kumjua fundi hapa Tabora, Nzega au hata Shinyanga, ambaye kabla ya kushika spana anakagua mipira na anachomeka geji, aweke hapa. Wale wa "nakuongezea kidogo" msinitumie inbox.