Gavana Twining: kabla ya kurudisha fuvu Kalenga alikuwa wapi Asia?

Kihesa_Juu: Wakuu, salaam. Tunaandaa ukurasa mmoja wa maelezo kwa wanafunzi wa kidato cha tatu watakaotembelea makumbusho ya Kalenga. Kwamba Gavana Edward Twining alimkabidhi Chifu Adam Sapi fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, tarehe 19 Juni 1954, hilo halina ubishi. Ila alikotoka kila mtu anasema lake: India, Malaya, Sarawak. Naomba mpangilio wa miaka.

Nyaraka_Uyole: Yote matatu sio, mkuu. Alikuwa Borneo Kaskazini, leo jimbo la Sabah, Malaysia, 1946 hadi 1949. Kabla ya hapo: Uganda, kwanza jeshini KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kisha utawala, Mauritius 1939, St Lucia 1944. Tanganyika alikaa 1949 hadi 1958. Kwa hiyo msimwandike kama mgeni wa Afrika.

Hiyo Borneo ipeni nafasi. Tangu 1881 ilikuwa mikononi mwa kampuni yenye hati ya kifalme. Serikali ya Uingereza iliichukua 15 Julai 1946. Vita vilikuwa vimeiteketeza Sandakan, makao makuu yakahamia Jesselton, sasa Kota Kinabalu, nayo imebomolewa vibaya. Gavana alikuta kazi ya kujenga upya, ofisi hadi bandari.

Mufindi_Chai: Naongezea wanakochanganya watu. Sarawak nayo ilichukuliwa 1946, tarehe 1 Julai, lakini kutoka kwa familia ya Brooke, Waingereza walioitawala kama wafalme. Koloni jingine, gavana mwingine. Malaya ni Harold MacMichael: alitawala Tanganyika kuanzia 1934, akaenda Palestina, na 1945 akatumwa kukusanya saini za masultani wa Malaya. Tena kuna Mark Young, aliyetoka Dar 1941 kwenda Hong Kong na kusalimu amri kwa Wajapani tarehe 25 Desemba mwaka huohuo. Magavana walizungushwa hivyo, ndiyo maana majina yanagongana.

Nyaraka_Uyole: Kweli kabisa. Na mkikuta tarehe mbili za gavana mmoja, angalieni: moja huwa ya kuteuliwa, nyingine ya kuapishwa, katikati anakaa kaimu.

Kihesa_Juu: Asanteni sana. Na fuvu, tuandike lilitoka Berlin?

Mufindi_Chai: Hapana, ndugu, Bremen. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, ulidai Ujerumani ilirudishe. Twining alilichagua katika makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo na vya jamaa wa Mkwawa. Andikeni "lililotambuliwa kuwa la Mkwawa". Uhakika wake bado unajadiliwa.