Risasi za mazoezi za .38 na .357: ganda la chuma, la alumini au la shaba?

Mlengaji_Houston: Wadau, salaam. Bastola ni ya silinda, Smith & Wesson ya .357 Magnum, matundu sita. Mazoezi ni risasi 150 hadi 200 kwa mwezi, karibu zote .38 Special, risasi fupi inayopigika pia kwenye bastola ya .357. Nimeona maboksi ya ganda la chuma kwa bei ya chini, Tula na Wolf. Je, unafuu huo ni wa kweli, au naokoa senti nipoteze shilingi?

FundiSilinda: Mkuu, Tula na Wolf unazoziona ni akiba ya zamani. Marekani ilizuia vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi kuanzia Septemba 2021, kwa hiyo kagua maganda kabla ya kulipa. Lenye madoa ya kutu liache hapo hapo dukani.

Sasa kiini chenyewe. Kwenye bastola ya magazini ganda hutolewa na nguvu ya mlipuko. Kwenye silinda unalitoa wewe kwa kiganja, tena yote sita kwa mpigo. Shaba ikishavimba kwa mlipuko hunywea kidogo na kuachia. Chuma hakinywei vizuri hivyo. .38 Special ina kikomo cha shinikizo cha psi 17,000 (pauni kwa inchi ya mraba) na .357 ina psi 35,000, ndiyo maana .357 ya chuma ndiyo inayong'ang'ania zaidi. Na .38 nayo ina lake: shinikizo ni dogo, chuma hakivimbi vya kutosha kuziba tundu, basi masizi yanarudi nyuma kandokando ya ganda. Watu husema ni rangi ya ganda inayeyuka. Si rangi, ni masizi.

Binti_wa_Mvita: Nyongeza kwa FundiSilinda. Ganda la .38 ni fupi kuliko la .357 kwa milimita 3.4 hivi. Ukipiga .38 nyingi, masizi hujenga pete mbele ya ganda, ndani ya kila tundu. Siku ukiweka .357 juu ya pete hiyo, inaingia kwa shida na inatoka kwa shida zaidi. Tumia burashi ya shaba ya .40, saizi moja juu, pamoja na dawa ya kusafishia, na uisukume kwa kuizungusha tundu kwa tundu. Hilo lipo hata kwa maganda ya shaba. Chuma kinaliharakisha tu.

Mzee_wa_Shabaha: Vijana, msisahau fataki, ile kofia ndogo kwenye kitako cha ganda ambayo pini huigonga kuwasha baruti. Za Kirusi hizi ni ngumu. Kama fundi alilegeza springi ili triga iwe laini, utasikia "ta!" halafu kimya. Ikitokea, mdomo wa bastola ubaki kwenye shabaha, hesabu sekunde 30. Usivute triga tena haraka: silinda itazunguka, na risasi iliyochelewa kulipuka itakuwa haiko tena mkabala na mtutu.

Kisha tazama alama ya pini. Ikiwa ni kijishimo cha juujuu, nyundo haina nguvu. Kwenye S&W (Smith & Wesson) za fremu ya K, L na N, yaani saizi za kati na kubwa, kuna skrubu mbele ya mpini, chini, inayokaza springi ya nyundo; iwe imekazwa mpaka mwisho. Fremu ndogo ya J haina skrubu hiyo.

Mlengaji_Houston: Asante, Mzee. Na uwanja wenyewe utakubali?

Binti_wa_Mvita: Viwanja vingi vya ndani hupima kwa sumaku. Gusisha ncha ya risasi, si ganda. Ikinasa nchani, koti lake ni chuma kilichopakwa shaba, na hilo hutoa cheche na kuumiza vyuma vya shabaha. Ganda la alumini kama CCI Blazer halinaswi na sumaku. Ila soma boksi: ikiandikwa +P, yaani yenye shinikizo la juu kuliko .38 ya kawaida, kikomo ni psi 20,000, si ya bastola kuukuu.

FundiSilinda: Hesabu basi. Chukua bei ya boksi pamoja na usafirishaji, gawa kwa 50. Kwa shaba, toa thamani ya maganda matupu, kama unajaza upya (unatia fataki, baruti na kichwa kipya nyumbani) au unamjua anayenunua. Ganda la .38 hujazwa mara nyingi kwa sababu shinikizo lake ni dogo. Hapo tofauti na chuma mara nyingi huyeyuka. Kama hujazi, alumini ndiyo pendekezo langu. Chuma kwa .357 singekigusa.

KlipuTisa: Napinga kidogo. Wenye silinda za 9mm, mfano Ruger LCR, chuma kinawafaa, maana 9mm za aina hiyo ni nyingi. Ila mfereji wa ganda, ule mfuo karibu na kitako, hutofautiana kwa kila kiwanda; jaribu kama klipu (kibanio bapa cha chuma kinachoshika risasi zote pamoja) inashika bila kuchezacheza. Na bastola nyepesi huvuta vichwa vya risasi mbele: weka tano, piga nne, pima urefu wa ya tano. Ikiwa imerefuka, boksi hilo halikufai, maana kichwa kikitokeza mbele ya silinda haizunguki tena.

Mzee_wa_Shabaha: Na mkinunua chuma hata hivyo, anzeni na boksi moja. Maganda yakinasa, hakikisheni kila fataki imepigwa, mdomo juu, pigo moja la kiganja kwenye fito, kile kijiti cha chuma mbele ya silinda kinachosukuma maganda nje. Msigonge fito kwa nyundo. Ikipinda, silinda haitafunguka vizuri. Sukumeni moja moja kutoka mbele kwa kijiti cha mbao.

Mlengaji_Houston: Basi alumini kwa .38, boksi mbili kwanza. Burashi ya .40 naagiza leo.