Imani ikipoa ndo imeisha kama mapenzi?

MamaNeema: Wadau habari za jioni, kuna jambo linanitesa. Niliokoka 2014 kwenye mkesha na kwa kweli ile miezi ya mwanzo nilikuwa kama msichana aliyependa, usingizi sina, nipo kwenye daladala naimba mapambio kimoyomoyo, nalala na Biblia chini ya mto. Sasa hivi ibada naenda, zaka natoa, ila moyo mkavu kama kifuu. Kila nikisoma Ufunuo 2:4, wale Waefeso walioambiwa wameuacha upendo wao wa kwanza, naona nasemwa mimi. Ndo imani imeisha hivyo?

BabaPacha: Pole dada angu. Shuka mstari wa 5, wanaambiwa watubu wakayafanye matendo ya kwanza, matendo dada, hawajaambiwa wasisimke upya. Mimi nina miaka 19 kwenye ndoa. Mwaka jana nililazwa, nikashtuka usiku wa manane nikamkuta mke wangu kalala sakafuni kwenye kanga, mkono mmoja kashika pindo la shuka langu ili nikijigeuza tu ajue. Wakati wa uchumba hatukuwa na kitu kama hicho hata kidogo.

KiuYaKweli: Samahanini mimi nakataa. Mke unamwona, ukimtumia meseji anajibu. Mama yangu alivyougua niliomba na kufunga miezi minne, kimya, mpaka akatutoka. Mchumba akikunyamazia hivyo si ndugu zako wote watakwambia achana nae? Msifananishe, mnakifanya chepesi kitu kizito.

BintiAmu: Asalaam aleikum. Kiu, pole sana kwa mama, Mungu amrehemu. Kwetu Lamu wakati wa maulidi utaona wazee wanalia kabisa matari yakipigwa, na hayo ni mahaba ya kweli usiyadharau. Lakini bibi yangu sikuwahi kumwona akilia, yeye saa kumi alfajiri nasikia birika limegusa sakafu najua kaamka kutawadha, kila siku, hata siku aliyomzika babu. Na yule Rabia wa Basra, mwanamke walii wa Kiislamu aliyefariki mwaka 801, inasimuliwa alitembea na moto mkono mmoja na maji mkono wa pili, anataka aichome pepo na auzime moto wa jehanamu ili watu wampende Mungu kwa ajili yake mwenyewe, sio kwa wanachopata. Kumpenda asiyekupa kitu, hapo hata mimi sijafika.

Msafiri77: Kiu, hicho kimya Mama Teresa wa Kalkuta alikaa nacho karibu miaka 50. Barua zake zilitoka 2007, miaka 10 baada ya kufa kwake, analalamika kabisa kwamba hamsikii Mungu. Na asubuhi anaenda kwa wagonjwa wake.

KiuYaKweli: Hamsini?? Mimi minne tu, tena miezi, nilichoka. Sikuwa najua hilo.

MamaNeema: Asanteni sana. Mdogo wangu Kiu, mama alikuwa anaumwa nini? Kama hutojali njoo inbox uniambie na jina lako, leo saa tisa usiku naamka kukuombea.